Kidole cha Mama Mkwe

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba wakati wa Wabelgiji dawa ilikuwa bure. Nikiwasikia mori hunipanda, halafu najikuta nimesimama na kuuliza: bure kwa nani? Sindano ya malali, ugonjwa wa usingizi, ilikuwa bure, naam, na ukiikimbia ulifuatwa na polisi ukaletewa bure yako hadi porini. Mtoto mwenye vidonda alitibiwa bure. Mfanyakazi wa mgodi alipimwa mpaka meno. Lakini mzee, mtu ambaye halimi tena pamba ya Serikali, hachimbi, hazai, huyo akisema macho yake yamefunga aliambiwa pole. Pole nayo ilikuwa bure.

Nayajua haya kwa sababu ya mama mkwe wangu. Nilikuwa seremala huko Wamaza, nimemwoa binti yake wa pekee, na yeye alikuwa mjane, nyumba yake ng'ambo ya shamba letu la muhogo. Macho yake yalianza kwa ukungu. Baadaye katikati ya kila jicho pakatokea doa jeupe lililokua mwezi baada ya mwezi. Mtoto wa jicho: kila mtu alilijua jina la ugonjwa, na hakuna aliyejua pa kuupeleka. Siku alipopikia ugali maji ya kuloweka muhogo, mke wangu alicheka. Siku alipotia mguu motoni hakucheka tena.

“Tafuta mutu wa kumutazama mama,” aliniambia huku analia. “Mimi niko na mutoto mugongoni na mwingine tumboni. Wewe uko na miguu, uko na mudomo. Tafuta.”

Nikatafuta. Lakini kabla sijaeleza nilivyotafuta, lazima niseme jambo moja ambalo wageni hulicheka. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemezani uso kwa uso. Akija kwenye njia, mmoja wao anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyokaa mbali. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa na sikuwahi kuuona uso wa mama mkwe kwa karibu. Hata lile doa jeupe nilielezwa na mke wangu. Kwa hiyo kila safari ya matibabu ilihitaji mtu wa tatu, na mtu huyo akawa dada yangu mkubwa, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyeachwa na waume wawili na hakuwalilia. Yeye alimshika mama mkono, na mimi nilitangulia hatua hamsini mbele kama mtu anayekwenda na shughuli zake.

Tulianzia zahanati ya Serikali, mwendo wa nusu siku. Muuguzi wa pale alikuwa na chupa moja ya matone meusi, na matone hayo yalikuwa ya macho yote: macho mekundu, macho ya kuwasha, macho ya mtoto mchanga, macho yanayokufa. Mama mkwe alidondoshewa, akarudi nyumbani na michirizi myeusi mashavuni. Tulikwenda mara nne. Mara ya tano muuguzi aliniambia, bila hata kuona haya, kwamba dawa ile haiondoi doa na hajawahi kuona ikiliondoa. Alikuwa akiitoa ili tusirudi mikono mitupu. Nilimwambia kwamba mikono mitupu ingetuwahisha kufika nyumbani. Alinikasirikia, na kwa muda mrefu baadaye watoto wangu wakipelekwa pale kwa homa walikaa mwisho wa mstari.

Kisha tukaenda misioni, kwa mtawa aliyekuwa na sanduku la miwani zilizokwisha kutumika, zilizotumwa kutoka Ulaya. Mama alijaribishwa moja baada ya nyingine. Hakuona kitu kwa yoyote kati ya hizo, ila mtawa hakutaka aondoke hivi hivi, akampa ya fremu nene nyeusi. Akaivaa kila Jumapili. Watu wakaanza kumsalimu kwa adabu mpya, na kijiji kizima kikanipongeza kwamba nimemponya mama mkwe. Nilikuwa nasimama pale nje ya kanisa, nashikwa mkono na wanaume wazima, huku namwona dada yangu akimwongoza mgonjwa wangu aliyepona ili asijigonge ukutani. Hasira ya siku zile bado iko kifuani mwangu.

Na usisahau kikosi cha malali. Kila mwaka walikuja na meza yao, tukapangwa mstari kwa orodha ya chifu, wazee kwa watoto, tukapapaswa shingo mmoja mmoja kama kuna uvimbe. Hapo mama mkwe alikuwa mbele ya daktari mzungu kabisa, kidevu chake mikononi mwa daktari, macho yake meupe yakitazamana na ya daktari. Dada yangu akajitia ujasiri.

“Bwana munganga, macho yake.”

“Shingo yake iko muzuri,” mkalimani alimjibu. “Hatutafute macho. Tunatafuta malali. Mwingine!”

Walimwandika kwenye kadi kwamba ni mzima.

Hivyo ndivyo miaka mitatu ilivyopita. Mwaka wa tatu dereva wa lori la pamba alileta habari kwamba daktari wa macho anakuja Kasongo, daktari wa macho tu na si wa kitu kingine, na kwamba kwa majuma mawili atawafungua watu mtoto wa jicho bila malipo, wale wasio na tajiri wa kuwalipia. Mke wangu alipiga kigelegele. Mimi sikupiga kitu. Nilijua kwamba kutoka katika teritwari, yaani wilaya yetu, kulihitaji karatasi ya ruhusa, na karatasi hiyo ilitoka Kabambare, kwenye ofisi ya Serikali.

Kwenda Kabambare mara ya kwanza nikaambiwa sina barua ya chifu. Nikarudi Wamaza, nikaipata, nikaenda tena. Karani aliisoma kwa kidole, neno moja moja, akaniambia kwamba ruhusa ni ya mgonjwa mmoja na msindikizaji mmoja.

“Andika dada yangu,” nikasema.

“Dada yako iko na kitabu cha kodi?”

“Ni mwanamuke, bwana karani. Atapata kitabu wapi?”

“Basi jina yake itaandikwa juu ya nini? Wewe uko na kitabu. Wewe ndiye musindikizaji.”

Nilimweleza kwamba mgonjwa ni mama mkwe wangu. Naye alikuwa mtu wa kwetu, alielewa vizuri sana, maana aliinua macho akanitazama kwa huruma. Lakini tayari alikuwa amegonga muhuri. Nilijipa moyo kwamba karatasi ni karatasi tu. Jina litakuwa langu, mkono wa kumshika utakuwa wa dada yangu. Nani atauliza?

Tulitembea siku tatu mpaka Kasongo, mwendo wa mtu asiyeona, dada yangu akimtajia kila jiwe na kila mzizi. Mimi mbele, kama kawaida. Mama mkwe akitaka kunywa maji alisema, “Mwambie mukwe wangu tupumuzike,” ingawa nilikuwa namsikia, na mimi nilijibu, “Mwambie mama nimesikia.” Dada yangu alikuwa katikati akituma maneno huku na huku, na siku ya pili alisema kwamba angeomba mshahara wa posta.

Hospitalini kulikuwa na watu wengi kuliko soko. Vipofu walikuwa wamekaa uani kwa mistari, kila mmoja na mtu wake, wengine wametoka mbali kuliko sisi. Tulingoja siku mbili. Siku ya tatu muuguzi mwenye koti jeupe aliita, akatazama karatasi yetu, akamzuia dada yangu kwa kiganja.

“Mutu mumoja tu. Hii karatasi iko na jina ya mwanaume.”

“Mimi ndiye nilimushika mukono toka Wamaza,” dada yangu akasema.

“Jina yako haiko.”

Muuguzi huyo hakuwa mtu wa kwetu, alitoka mbali huko chini ya mto, mto unakoteremkia. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: bwana, huyu ni mama wa mke wangu, siwezi kuingia naye. Lakini ndani ya mlango ule alikuwa amesimama mzungu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu, nina ufundi wangu, nimejifunza maneno kadhaa ya Kifaransa kwa mapadri. Niliona aibu kuonekana mshenzi. Nikajiambia kwamba mama haoni, hatajua ni nani. Nikavua viatu ili asizijue hatua zangu, muuguzi akamwongoza mama ndani, nami nikaingia nyuma yao kimya kama mwizi.

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha, giza tupu mchana. Kwanza sikuelewa, ila baadaye nilielezwa. Ukiwa na mtoto wa jicho huoni sura wala rangi, lakini kama jicho ni zima nyuma ya lile doa, lazima ujue mwanga uko wapi. Asiyejua mwanga uko wapi, jicho lake limekufa, na kumfungua ni kumtesa bure. Basi daktari alimkalisha mama kwenye kiti, akamshika kope za jicho moja na kuliziba la pili kwa kiganja. Muuguzi alishika daftari. Ilibaki taa ya mafuta mezani, na daktari akaniashiria mimi niishike. Nikaishika. Sitasema uongo, nilijiona mtu.

Nilisimama mbele ya mama mkwe wangu, hatua moja, taa mkononi. Ndiyo mara ya kwanza nilipouona uso wake, na ulifanana na wa mke wangu kiasi kwamba nilishtuka.

“Mwambie aonyeshe na kidole fasi taa iko,” daktari alisema kwa Kifaransa, na muuguzi akatafsiri. Fasi, yaani mahali.

Nilipeleka taa kuume. Mikono ya mama ilikaa mapajani. Nikaipeleka juu, nikaishusha kushoto. Hakuinua hata ukucha. Alikuwa anajaribu kugeuza uso, na daktari akimrudisha kidevu.

“Mama, unaona mwangaza fasi gani?”

“Sioni kitu,” akasema chini kwa chini.

“Hata kidogo?”

“Sioni kitu.”

Jicho la pili likawa vile vile. Daktari akapumua, akamgonga bega taratibu, akachora alama nyekundu kwenye kadi. Muuguzi alitueleza mlangoni kwamba macho yote mawili yamekufa ndani, hayafunguliwi, twende kwa amani. Dada yangu alilia. Mimi nilivaa viatu vyangu, na moyoni nilikuwa na uchovu tu, na hasira ya jumla jumla isiyokuwa na mtu wa kumwangukia.

Siku ya kwanza ya kurudi tulitembea mpaka giza. Mchana wa siku ya pili tulikaa kando ya njia tukila ndizi za kuchoma, mimi upande wangu nimewapa mgongo. Nikasikia mama mkwe akimwambia dada yangu:

“Mwambie mukwe wangu ninamushukuru. Aliteseka sana. Lakini mwambie asinisimamie tena mbele ya uso na taa. Ningemuonyesha kidole namna gani, mukwe wangu?”

Ndizi ilinitoka mkononi.

“Muulize,” nikasema, “muulize alijuaje ni mimi.”

“Anafikiri sikumuona?” mama mkwe akajibu, na safari hii alisahau hata kungoja dada yangu. “Taa ilianza mukono wa kuume. Ikapanda juu, ikashuka kushoto. Na nyuma yake kivuli ya mutu murefu, bega moja chini. Katika nyumba yetu nani iko murefu hivyo? Niliona haya. Kama ningesema naona, ningekuwa nasema nimekutazama usoni.”

Bega langu la kushoto liko chini mpaka leo, kwa kubeba mbao.

Nilipiga ukelele, si neno, ukelele tu. Nilipiga teke mkungu wa ndizi. Niliutukana muhuri wa Kabambare, nikamtukana karani, nikamtukana muuguzi wa chini ya mto, nikawatukana mababu walioweka mila ile bila kufikiria taa. Dada yangu alinisubiri nimalize.

“Na mbuzi?” akauliza.

Kwetu haya hiyo ina mwisho wake. Baada ya watoto wawili watatu, mkwe anapeleka mbuzi, wanawake wanapika, mama mkwe anakaa na mkwewe kwenye mkeka mmoja wanakula, na kuanzia siku ile wanaweza kutazamana na kuongea. Wenzangu wote walikwisha kupeleka. Mimi kila mwaka nilisema mwaka ujao, kwa sababu sikuona haraka ya kitu ambacho hakikuwa kinaniuma.

Tuligeuka, tukaanza kurudi Kasongo siku ile ile. Tulifika kesho yake alasiri, na daktari alikuwa anafunga masanduku. Sikungoja kuitwa. Nilimwendea barazani na Kifaransa changu cha mapadri, nikasema anaona, anaona, anaona, mpaka muuguzi akaja mbio kunivuta. Daktari alimzuia. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akafunga mlango wa chumba, na mara hii dada yangu ndiye aliyeingia na mama. Mimi nilichungulia kwenye ufa.

Mama mkwe alinyosha kidole kuume. Akakinyosha juu. Akakinyosha kushoto. Daktari alijaribu kumlaghai, akaizima tochi na kuiwasha chini, na kidole kikaenda chini. Hakukosa hata mara moja.

Daktari alitoka akakaa kwenye sanduku. Aliuliza kwa nini siku ile mama alisema haoni. Nilieleza, muuguzi akatafsiri, na alipofika katikati muuguzi mwenyewe alianza kusema polepole na kutazama chini. Daktari hakucheka. Alisema macho yale ni mazima kabisa na angeyafungua. Ila mtu akishafunguliwa lazima alale chali siku nyingi, amefungwa vitambaa, na daktari awepo wa kumwangalia, naye lori lake linaondoka asubuhi. Kwenye kadi akakata ile alama nyekundu, akaandika kitu.

“Mwaka kesho,” muuguzi alituambia. “Atakuja tena mwaka kesho. Ninyi mutakuwa wa kwanza.”

Mbuzi nilimpeleka kabla mwezi haujaisha, na mnono kuliko wa wenzangu wote. Tulikaa mkeka mmoja, tukala. Baada ya hapo tuliongea, na nikagundua kwamba mama mkwe alikuwa mcheshi, ananidhihaki kuhusu viatu vyangu, na kwamba miaka yote ile nilikosa mtu wa kuongea naye. Watu waliniambia basi angalau nimepata hilo. Ningelitoa lote kwa jicho moja.

Kila Jumapili baada ya kanisa aliniita. Tulifunga mlango na dirisha, mimi nikawasha taa, yeye akaonyesha. Alitaka kuhakikisha kwamba macho yanamngoja daktari. Alikuwa ananinyoshea kidole usoni sasa bila haya yoyote, na akipatia alicheka, na mke wangu akapiga makofi.

Mwaka kesho ulifika na daktari hakufika. Nilikwenda Kabambare kuuliza, wakasema ulizeni Kasongo. Nilikwenda Kasongo, wakasema amepelekwa jimbo lingine, atatumwa mwingine. Mwaka uliofuata hakutumwa mtu. Muuguzi yule naye alikuwa amehamishwa, na aliyekuwepo aliigeuza kadi yetu juu chini, akasema hausomi mwandiko ule. Baadaye wazungu wenyewe wakaanza kufunga masanduku, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuulizwa habari za mwanamke mzee wa Wamaza.

Kisha macho yakaanza kumuuma. Alikesha akijishika kichwa siku kadhaa, na maumivu yalipotulia alisema amepona. Jumapili ile aliniita kama kawaida. Tukafunga mlango, nikawasha taa, nikaishika upande wake wa kuume.

Alinyosha kidole kushoto. Hakusita, na uso wake ulikuwa tayari kucheka.

“Pale,” akasema.

Mke wangu alinitazama. Nilihamisha taa taratibu, nikaipeleka mpaka mbele ya kidole chake.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Iko pale.”